Nilimpa Deejay Filamu ya Mama Mkwe Wangu

Nina miaka arobaini na moja. Ni mama wa msichana mmoja, na ninaishi Kinoru, hapa Meru, katika nyumba ambayo mume wangu alihama akiwa amebeba begi moja na gambuti zake. Hakunitukana. Hakunipiga. Alifunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala... Laiti angeubamiza!

Wasomaji wenzangu, kurasa hizi huwa za watu waliotendwa. Nimesoma mikasa mingi hapa na mara nyingi nimelia pamoja nanyi. Lakini leo anayeandika ni mtenda. Nimekaa na jambo hili kifuani mpaka limeanza kunifanya niogope nyumba yangu mwenyewe mchana peupe. Mkinihukumu baada ya kusoma, sawa. Mimi nilikwisha kujihukumu.

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa na kaduka ka filamu karibu na soko, mjini Meru. Mwanzoni kazi ilikuwa moto. Watu walipanga foleni Ijumaa kuchukua DVD za kutazama wikendi, hasa zile za kigeni zilizotafsiriwa na madeejay wetu, wale wanaoongea juu ya filamu kwa Kiswahili na utani mwingi. Ireri aliingia dukani siku moja akauliza kama nina filamu ambayo hakuna mtu anapigwa wala kupigwa risasi. Nikacheka. Nikamwambia hiyo labda aitengeneze mwenyewe.

Hakucheka. Alisema, "Ndiyo naitengeneza."

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Meru, lakini kwao ni Kibugu, kule juu Embu, ambako mashamba ya majani chai yanaishia na msitu wa mlima unaanza. Tulioana kanisani mwaka uliofuata. Na kila shule zilipofungwa, tulipanda Kibugu kurekodi filamu yake. Rafiki yake Nyaga, aliyekuwa na studio ndogo ya picha Embu mjini, alishika kamera. Mimi nilishika maiki iliyofungwa kwenye fimbo ya mwanzi, na hedifoni masikioni, na kadi ya kurekodia sauti ilikaa kwangu. Mwigizaji mkuu alikuwa mama mkwe wangu, Marigu, mjane aliyekuwa hajawahi kuingia ukumbi wa sinema maishani mwake. Filamu ile ilichukua likizo za miaka sita!

Nawaomba mnivumilie niwaeleze filamu yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Ni hadithi ya mama mzee anayeamka asubuhi moja na kuanza kutembea kinyumenyume. Hasemi kwa nini. Anakwenda kuchuma majani kinyumenyume, kikapu kikiwa kifuani badala ya mgongoni. Anakwenda kanisani kinyumenyume, anaingia mlangoni akiwapa waumini mgongo, na pasta anashindwa kama amkemee au ampe kiti. Chifu anatumwa kumkataza. Anamfuata kwenye mteremko wenye matope, anateleza, na mwisho analazimika kushuka kinyumenyume yeye mwenyewe akiwa ameshika kofia kwa mkono mmoja na nyasi kwa mwingine. Utacheka mpaka ushike tumbo! Hakuna muziki hata mahali pamoja. Unasikia majani yakikatika vidoleni, mvua, ng'ombe wa jirani. Kidogo kidogo wanakijiji wanaanza kumsindikiza mama yule wakiwa wameangalia nyuma kama yeye, na mwisho wanafika kwenye ukingo wa msitu, ukungu umetanda, na wote wanasimama.

Ajabu, sivyo? Hata mimi niliona ni ajabu. Lakini nilijua ilikotoka.

Ireri alikuwa na dada mkubwa, Wanja. Wanja alipokuwa na miaka kumi na minne alikwenda msituni na mama yake kutafuta kuni. Wakirudi, mama alitangulia na mzigo wake, binti akafuata nyuma. Mama alipotoka kwenye miti akageuka kumngoja... hakuona mtu. Walimtafuta kwa wiki nyingi, kijiji kizima na askari wa msitu. Hawakupata hata kiatu. Hakukuwa na maiti, kwa hivyo hakukuwa na mazishi. Mama mkwe wangu alilea watoto waliobaki na hakutaja tena jina la Wanja mbele ya watu. Ireri aliniambia kwamba katika utoto wake wote hakuwahi kumwona mama yake akilia.

Basi siku ya kurekodi mwisho wa filamu, Mama alitakiwa kusimama tu na kutazama msitu. Ndivyo Ireri alivyomwelekeza. Nyaga akawasha kamera. Ukungu ulikuwa unashuka wenyewe, hatukuuomba. Mama akasimama. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuongea kwa Kiembu, sauti ndogo sana. Ireri na Nyaga walikuwa mbali, waliona midomo ikitikisika tu. Mimi nilikuwa na hedifoni. Mimi nilisikia kila neno!

Alisema, "Wanja, nilikuita mara mbili tu. Mzigo ulikuwa mzito, nikadhani uko nyuma yangu. Ningegeuka mapema. Nisamehe, mama yangu. Sasa natembea nikikutazama."

Nilisahau kwamba nimeshika fimbo ya maiki, ikashuka ikaingia ndani ya picha. Ukitazama vizuri utaiona. Ireri hakuikata. Alipokuja kusikia ile sauti kwenye kompyuta, aliinamisha kichwa mezani na hakuinuka kwa muda mrefu.

Tulionyesha filamu mara moja tu, katika ukumbi wa kanisa kule Kibugu. Watu walimcheka chifu, wakanyamaza mwishoni. Mama alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake kipya. Wanawake walimshika mkono mmoja baada ya mwingine bila kusema kitu. Nafikiri hayo ndiyo yalikuwa mazishi ya Wanja.

Baada ya hapo Ireri alipeleka filamu huku na kule, kwa watu wa televisheni na wa matamasha. Jibu lilikuwa lile lile. Nzuri, lakini ya ajabu mno. Ndefu, tena inakwenda polepole mno. Nani ataitazama? Ireri akaiweka kwenye droo. Aliniambia haina haraka, itangoja watu wake.

Lakini mimi nilikuwa na haraka! Nilikuwa nimetoa likizo za miaka sita ya maisha yangu, nimesimama kwenye baridi na matope, na dada zangu walikuwa wananicheka kila tukikutana. Walikuwa wakiniuliza kama bwana bado anamrekodi mama yake akirudi rivasi. Niliona aibu. Nilitaka siku moja mtu aingie dukani aseme, filamu ya mume wako, nimeiona! Ni hilo tu nililotaka. Je, hilo ni kosa kubwa?

Ndipo akaja Deejay Kirimi. Alikuwa mtafsiri wa filamu aliyejulikana Meru yote, mcheshi, kijana wa nguo safi, na mimi nilikuwa nikiuza kazi zake. Siku hiyo aliniona nikitazama filamu yetu dukani, kutoka kwenye diski niliyoitoa kwenye droo bila Ireri kujua. Akasimama, akaangalia sehemu ya chifu, akacheka hadi akashika meza.

"Mathe, hii ni dhahabu," akasema. "Nipatie. Nitaweka sauti yangu juu, iamke kidogo. Wiki moja, Meru na Embu wote watakuwa wanaijua."

Nilimwambia ni ya mume wangu, ni lazima nimuulize. Akasema nimfanyie saprais. Saprais! Nikafikiria dada zangu. Nikafikiria droo. Nikachoma nakala kamili mbili, moja nikampa na nyingine nikaiacha dukani. Nilipoitoa kwenye mashine ilikuwa bado na joto mkononi mwangu. Diski ya Ireri nikairudisha kwenye droo.

Sikumwambia Ireri. Sikumwambia hata alipoketi kula chakula cha mchana kando yangu siku hiyo hiyo.

Wiki haikuisha. Kirimi alikuwa ameikata filamu ya saa moja na zaidi ikabaki dakika chache. Alitoa shamba, akatoa kanisa, akatoa wanakijiji wakimsindikiza. Alibakisha mama mzee akitembea kinyumenyume, chifu akianguka, na ule mwisho kwenye msitu. Juu yake akaweka kicheko na sauti yake akitangaza, "Oneni mchawi wa Kibugu! Leo anaita mapepo yake!" Na alianza kupiga kelele hiyo pale pale ambapo Mama alifungua mdomo kumwambia Wanja...

Hakuna neno hata moja la Mama lililosikika. Hata moja!

Nilikimbia kwa Kirimi nikamlilia aitoe. Alinihurumia, nadhani kwa kweli. Alisema, "Mathe, imeshatoka. Iko kwa simu za watu. Hata mimi siwezi kuirudisha." Na ilikuwa kweli. Ilikuwa imeingia kwenye kila grupu, kila mtu akimtumia mwenzake. Dada yangu mdogo ndiye aliyenitumia mimi, na alama za kucheka. Hakumtambua Mama, kwa maana walikutana mara moja tu, siku ya harusi.

Ireri aliiona kwenye simu ya mwalimu mwenzake. Alirudi nyumbani uso umekuwa wa kijivu. Akasema ni watu wawili tu waliokuwa na filamu nzima, yeye na Nyaga. Basi ni Nyaga aliyeiuza. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa... Nikageukia sufuria.

Ireri alimpigia Nyaga na kumwambia maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu. Urafiki wa tangu darasa la kwanza ukaisha kwenye simu, na mimi nikiwa nasikiliza!

Nani angejua yatakayofuata? Kule Kibugu watu waliotazama filamu kanisani walijua ukweli, lakini hao walikuwa wachache. Wengine waliona kwenye simu tu. Kwenye banda la kupimia majani, mwanamke mmoja alimwonyesha Mama picha yake mwenyewe. Mama masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, na pale banda kuna kelele. Aliona sura yake na watu wakicheka. Tangu siku hiyo kikapu chake kiliwekwa mbali na vingine. Kikundi cha akina mama kikaacha kukutana kwake. Watoto walianza kumfuata barabarani wakitembea kinyumenyume na kuimba lile neno la Kirimi. Binti yetu, ambaye kwa desturi amebeba jina la nyanya yake, aliacha kuandika Marigu kwenye vitabu vyake vya shule.

Tulipanda kumwona. Tulimkuta anatoka banda akiwa na kikapu kitupu, na ndugu zangu, alikuwa anatembea kinyumenyume. Si filamu. Hapakuwa na kamera. Ireri alimkimbilia akamshika, akamuuliza anafanya nini. Mama alimjibu kwamba hataki kitu kingine kiwe nyuma yake asikione. Alisema hivyo akitabasamu. Mpaka leo tabasamu hilo likinijia nikiwa dukani, naacha kazi ninayofanya nakaa chini.

Mvua za msimu zilipoanza, mteremko ukawa utelezi. Aliteleza akiwa ameipa njia mgongo, akaanguka mtaroni. Alivunjika nyonga, akalala kwenye maji baridi mpaka mchuma majani mmoja akamsikia. Tulimpeleka hospitali Embu. Nyonga ingepona, lakini kifua kikajaa. Nilikaa naye zamu za mchana Ireri akiwa darasani Meru.

Siku moja, jua likiwa kali dirishani, alinivuta mkono akaniinamisha.

"Mama Marigu," akasema, "ile filamu imeonwa na watu wengi?"

"Wengi sana, Mama."

"Walisikia nilichomwambia Wanja?"

Mungu wangu! Ningesema nini? Mnieleze ninyi mnaosoma, ningesema nini?

"Walisikia, Mama," nikasema. "Wote walisikia."

Akafumba macho, akasema, "Basi ni sawa wakicheka. Mradi walisikia." Hakuamka tena kuongea na mtu. Alikufa siku ya pili.

Nyaga alikuja kwenye mazishi. Alisimama kwenye lango akiwa ameshika kofia yake, akasubiri Ireri amwangalie. Ireri hakumwangalia. Nyaga akasubiri mpaka kaburi likafunikwa, kisha akaondoka kwa miguu kwenye tope. Nami, mwenye kosa, nilikuwa nimekaa kiti cha familia nimevaa leso ya maombolezo!

Ilinichukua miezi miwili zaidi. Wateja ndio walionivunja. Mwanamume mmoja aliingia dukani akauliza kama nina ile ya mchawi wa kinyumenyume, nzima nzima, si kipande. Nilifunga duka saa sita mchana, nikaenda hadi shuleni kwa Ireri, nikamwita nje, nikamwambia yote tukiwa tumesimama kando ya tangi la maji. Nilieleza kuhusu dada zangu, droo, Kirimi, mwiko. Watoto walikuwa wakicheza mpira nyuma yetu.

Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza swali moja tu.

"Siku ile msituni, wewe ulisikia alichosema?"

"Nilisikia. Nilikuwa na hedifoni."

"Basi ni wewe peke yako uliyesikia kutoka mdomoni mwake," akasema. "Na bado ukampa mtu apige kelele juu yake."

Jioni hiyo ndipo alipofunga mlango polepole. Akahamia Kibugu, akaomba kubadilishiwa shule. Baadaye Nyaga aliniambia kwamba Ireri alimwendea akapiga magoti mbele ya studio, watu wakitazama. Na aliniambia jambo lingine. Ireri alikuwa amechukua diski za kompyuta zenye filamu, zake na za Nyaga, zote, akazitia kwenye moto wa jiko la mama yake. Hakutaka mtu mwingine amcheke mama yake tena.

Miaka sita ilikuwa imeungua. Sauti ya Mama, vidole vyake kwenye majani, chifu na kofia yake. Kilichobaki duniani kilikuwa kile kipande cha Kirimi... na ile nakala ya pili niliyokuwa nimeificha chini ya kaunta. Sikuwa na ujasiri wa kuitazama wala kuitupa. Nilikuwa nikipita pale nasikia kana kwamba mtu ananong'ona chini ya mbao. Msinicheke. Nilisikia! Wakati mwingine mteja angekuwa ananiongelesha, nami namwomba anyamaze kidogo nisikilize.

Mwaka jana dada mmoja aliingia dukani, anaitwa Achieng, kazi yake ni kurekebisha filamu za zamani zilizoharibika. Alikuwa akizunguka miji kutafuta filamu zilizotengenezwa na watu wa mahali pale. Sijui ni nini kilichonisukuma. Niliinama, nikatoa ile diski, nikaiweka kwenye mashine. Aliitazama akiwa amesimama, kipochi begani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama alipoanza kuongea, Achieng, ambaye hajui Kiembu hata kidogo, alijishika mdomo. Kisha aliketi juu ya kreti ya soda akaniuliza huyu mama ni nani.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna kampuni ndogo ng'ambo inayochukua filamu zilizosahaulika, inazisafisha, na kuzitoa kwenye diski nzuri ndani ya kasha gumu, pamoja na kitabu cha kueleza. Aliwatumia vipande. Wakajibu wakitaka kujua kwa nini filamu hii isiyojulikana na mtu ipewe heshima hiyo. Achieng akasema niandike mimi. Mimi wa kidato cha nne! Niliandika siku tatu.

Niliwaambia kwamba nimeuza filamu kwa miaka kumi na minne ndani ya bahasha za karatasi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino, na ninajua mtu anavyoshika kitu alichopewa hivyo. Anakishika kwa vidole viwili. Anakitazama huku anapika, huku anapiga simu. Filamu hii haitazamwi hivyo. Ina sehemu ndefu ambapo hakuna kinachotokea ila mama anachuma majani, na usipotulia hutaona kwamba anachagua majani kwa kupapasa, maana macho yake yako kule alikotoka. Kasha gumu linamwambia mtu, keti kwanza.

Niliwaambia ni ya ajabu, na kwamba wote walioikataa waliikataa kwa ajabu yake, na Kirimi akaigeuza mzaha kwa ajabu hiyo hiyo. Lakini ajabu hiyo si mchezo wa msanii. Ni mama aliyekosa namna nyingine ya kusema. Katika filamu zote zilizopita mikononi mwangu, za mabunduki na za mapenzi, sijaona nyingine inayokuchekesha hivyo na chifu, halafu ikufikishe msituni ukiwa bado na kicheko usoni, usijue ukipeleke wapi.

Watu waliniuliza, kwa nini usiiweke mtandaoni tu, ionekane bure? Ndugu zangu, mtandaoni ndiko ilikofia! Pale kila mtu ana mkasi. Niliomba iwe kitu kizima, chenye mwanzo na mwisho, kinachokaa kwenye rafu na jina lake ubavuni. Niliomba maneno ya Kiembu yaandikwe chini kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, yote, asiachwe mtu akibahatisha. Niliomba kitabu kiwe na hadithi ya Wanja, maana hana kaburi lenye jina. Na niliomba sauti isafishwe, lakini mvua na ng'ombe wa jirani wasiondolewe.

Walikubali. Walitaka kitu kimoja, sahihi ya aliyeitengeneza.

Nilipanda Kibugu mwezi wa nane, baridi ikiwa kali. Nilimkuta Ireri katikati ya shamba la mama yake, kikapu mgongoni, amekonda. Hatukuwa tumeonana ana kwa ana karibu mwaka mzima. Nilisimama kwenye mstari wa pili, mti mmoja wa chai kati yetu, nikamweleza.

"Filamu iliungua," akasema bila kuinua macho.

"Kuna nakala, Baba Marigu. Nilichoma mbili siku ile."

Mikono ilisimama.

"Na sauti?"

"Sauti ninayo yote. Kadi ya maiki ilikuwa imebaki kwenye kibeti changu cha zamani, nimeipata juzi. Ni safi kuliko hata ile ya kompyuta."

Kisha akajifuta mikono kwenye aproni ya plastiki, akaomba karatasi. Alisoma kila mstari kama mwalimu anayesahihisha. Akasema jina la Nyaga liandikwe kubwa kama lake. Nikasema ndiyo. Akasema jina la Mama liwe la kwanza. Nikasema ndiyo.

"Na lako lisiwepo," akasema.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Likizo za miaka sita... Fimbo ile ya mwanzi...

"Si kwa sababu nakuchukia, Kawira. Lakini nikiona jina lako chini ya la Mama sitaweza kuitazama. Na nataka kuitazama."

Nikamwambia sawa. Akaweka karatasi juu ya majani ndani ya kikapu, akatia sahihi. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kuhusu mtoto, akanipa salamu na parachichi nne nimpelekee. Hakuniambia nirudi. Hakusema atarudi. Sidhani atarudi, na nimeacha kumuuliza Mungu kuhusu hilo.

Kazi inaendelea. Achieng ameniambia picha itakuwa na ukungu kidogo kwa sababu nakala ni dhaifu, lakini sauti itakuwa kana kwamba Mama amesimama chumbani mwako. Itakapotoka, kwenye orodha ya waliofanya kazi mtasoma majina ya watu wote, hata aliyetupikia githeri ya mahindi na maharagwe tukirekodi. Mahali pa aliyerekodi sauti patakuwa patupu. Ni haki yangu.

Ninyi mnaosoma, sikilizeni mtu aliyechelewa. Kitu ulichoaminiwa na mwenzako hakiwi chako kwa sababu kimekaa kwenye droo muda mrefu. Ukiona aibu ya kungoja, ona aibu hiyo na ungoje! Na ukikosea, sema siku ile ile, mwiko ukiwa bado mkononi. Mimi kila siku niliyonyamaza ilikuwa na mtu wake wa kulipa. Alilipa Nyaga, alilipa mtoto wangu, akalipa Mama.

Na kama wewe ni mmoja wa wale ambao bado wana kile kipande kwenye simu, nakuomba kwa unyenyekevu, kifute. Siku moja utaletewa kingine, cha mzee mwingine anayefanya jambo usiloelewa, na sauti ya mtu ikikuambia ucheke. Kabla hujamtumia mwenzako, iondoe sauti hiyo kwanza, na uulize huyo ni mama wa nani.